Bwana Haraka Alea Mtoto

Ilala, Dar es Salaam
14 Machi 1992

Dada Adela,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila joto limetuelemea. Faith anawasalimu wote. Abel ameanza kusimama akishika kiti, na akianguka hulia tu kama kuna mtu amemwona. Baba mguu unaendeleaje? Shemeji Isdori bado anapeleka mahindi Tunduma, au mvua zimeshakata barabara? Mwambie karanga alizompa utingo wa basi nilizipata nusu. Nusu nyingine aulizwe utingo.

Sasa dada, kaa chini kwanza. Nimempata Bwana Haraka.

Unakumbuka habari zake tulizisikia kwa watu tu, nyumbani hazikusemwa. Kwamba Padre Anselmo alikuwa akiwaonyesha watu sinema fupi za Wazungu kwenye shuka ukutani mwa shule ya parokia, zile za watu wanaopigana na ngazi na ndoo za chokaa. Kisha akapata kamera yake, akaanza kutengeneza za kwake kwa kuwatumia watu wetu wa hapo hapo, na mchekeshaji wake mkuu akawa baba yetu Rafaeli, seremala wa misheni. Wazee wa Katandala waliponiita mtoto wa Bwana Haraka, nilidhani wanamkejeli baba kwa kuchechemea kwake.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye nyumba moja ya watawa hapa mjini kuwatengenezea deki ya video. Stoo nikakuta makopo manne ya bati, yameandikwa Sumbawanga. Bruda mmoja mzee akaniambia chukua, mashine ya kuyaonyesha ilikufa zamani. Nikamtafuta Mhindi aliyekuwa fundi wa jumba la sinema, bado ana projekta yake chini ya kitanda. Tukatundika shuka.

Dada, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Baba na baiskeli isiyo na breki. Baba na mbuzi wanaokula koti lake siku ya harusi. Baba katumbukia kichwa kwenye chungu cha pombe ya ulezi, miguu inapiga hewa. Ya nne ndiyo kubwa. Kwenye kibao wameandika kwa chaki: Bwana Haraka Alea Mtoto. Mke anakwenda sokoni, anamwachia mtoto. Ni mtoto kweli, anamvuta baba sikio. Baba anamfunga mgongoni kwa kanga na kupanda ngazi aezeke paa, ngazi inakwenda kule, yeye anakuja huku. Hapo kwenye kuanguka nadhani walimfunga furushi la nguo. Na pembeni yuko mama, msichana kabisa, amejishika tumbo kwa kicheko. Mimi sijapata kumwona mama akicheka kwa meno yote. Wewe umewahi? Sehemu hiyo nimeirudisha mara nyingi mno.

Hizi ni zama za ruksa, kila mwenye deki anaonyesha sinema za ngumi za Wachina. Mimi kwenye kibanda changu cha video nitaonyesha za baba yangu. Fundi ananihamishia kwenye kanda ya video. Niombee baraka kwa baba, na uniambie wale wengine ni akina nani, na yule mtoto walimwazima kwa nani.

Mdogo wako mpendwa,
Kalisti


Malangali, Sumbawanga
2 Mei 1992

Mdogo wangu Kalisti,

Marahaba. Barua yako ilikwama njiani Laela pamoja na basi lenyewe, abiria wakalala kwenye tope, nayo ikatufikia imelowa upande mmoja. Sisi ni wazima. Mahindi ni mengi, ulezi tumeanza kuukata. Biashara yangu ya mitumba pale Majengo inakwenda, tangu baridi ianze wanawake wanagombania masweta. Shigela, yule Msukuma mtani wa baba, alipita juzi na maksai wake, akasema amekuja kukagua kama mtumwa wake bado anapumua. Baba akamjibu kwamba anapumua kwa sababu hajamaliza kumzika Shigela. Ndiyo siku pekee niliyomwona amechangamka mwezi huu.

Nilimsomea baba barua yako. Nilipofika kwenye makopo akanizuia kwa mkono. Nikadhani anataka nirudie, nikarudia. Akaomba fimbo yake, akatoka, akaenda kusimama katikati ya maharage mpaka nikamfuata na koti. Jibu lake nakuandikia kama alivyolitamka: "Mwambie azirudishe alikozitoa. Ile ya ngazi asimwonyeshe mtu yeyote." Mimi sikumwuliza sababu.

Wewe pia usiniulize. Mama kabla hajafa aliniambia jambo, akataka lisifike kwako, nami nimelikalia mpaka leo. Hizo tatu za baiskeli na mbuzi na pombe, kama huwezi kuzirudisha, basi cheka nazo. Ya nne iache. Baba hajawahi kukuomba kitu tangu uondoke hapa na begi lako. Hili ni ombi lake la kwanza, na kwa hali ninayomwona nayo linaweza kuwa la mwisho.

Uliniuliza kuhusu mama. Hapana, mimi pia sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Usiendelee kuirudisha sehemu hiyo.

Msalimie Faith, na umfunike Abel hata kama huko kuna joto.

Dada yako,
Adela


Ilala
21 Juni 1992

Dada yangu mkali,

Shikamoo tena. Tuko salama, Abel ana jino jipya na amelijaribia kwenye bega langu. Poleni na baridi. Najua huko sasa mnaota moto mpaka suruali zinaungua.

Barua yako imenikuta nimeshaanza, dada. Nimeanza tangu Pasaka. Nisikufiche, kibanda kimejaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya ukuta. Walizoea sinema za ngumi, hawaelewi lugha, wanakaa wamenuna. Sasa wanamwona Mtanzania mwenzao anapigwa na ngazi, hakuna lugha ya kuelewa, wanacheka mpaka wanaangushana kwenye mabenchi. Kwa kuwa picha hazina sauti nimezitia maneno mwenyewe kwa kipaza sauti, na fundi akayaingiza kwenye kanda. Ile ya ngazi ndiyo wanayoidai. Pale baba anapoanza kuyumba nasema, "Mshike mwanao mzee, asikutangulie chini!" Hapo ndipo wanapopiga miguu.

Unaniambia niache bila kunipa sababu. Siri zenu na mama mlizipika wenyewe jikoni, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa maji. Leo nina ndevu na bado mnanituma tu. Baba namfahamu. Amekuwa mzee wa kanisa, anaona haya kwamba aliwahi kuvaa suruali iliyochanika makalioni mbele ya watu. Haya hizo zitamtoka siku atakaposikia mji mzima unamshangilia. Ndiyo maana nimempelekea Shedrack, mwenye kibanda cha video pale Majengo, kanda moja kwa basi, iwe zawadi kwa watu wa nyumbani. Mshikeni baba mkono mumpeleke, akae benchi la mbele. Shedrack nimemwambia asimtoze.

Huku wananiita mtoto wa Bwana Haraka, dada. Safari hii najua maana yake, na ninajivunia.

Kalisti


Malangali
9 Agosti 1992

Kalisti,

Marahaba yako nimeiweka kando, nitakupa siku nyingine.

Kanda ilifika. Shedrack aliweka kibao barabarani, akawasha jenereta na kufungulia spika, na sauti yako ikawa inasikika mpaka kwenye meza yangu ya mitumba. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia tangu mama azikwe. Nilimfuata Shedrack nikamwambia baba hataki. Akanijibu kwa adabu kwamba kanda ameletewa na mtoto wa kiume wa mzee, sasa amsikilize nani? Vijana wakaanza kumwita baba jina lile akitoka misa. Alikuwa akiitikia kwa kuinua kofia, nikasema labda litapita.

Jumapili iliyopita alikuja Shigela. Alikuwa ameiona picha kwa Shedrack, tena na tena, na kwa akili yake ya utani aliona itakuwa aibu kuwa na mtani maarufu namna ile asimletee heshima yake nyumbani. Alikuja na mkewe Kabula na watu wa boma lao, wamechangamka. Mgongoni alikuwa amefunga blanketi lililoviringishwa kama mtoto. Akachukua ngazi yetu ya ghala, akaiegemeza, akamwita baba kwa sauti: "Mtumwa wangu, toka uje ujione." Baba akatoka na fimbo. Shigela akapanda, akayumba vizuri kama alivyofundishwa na video yako, akaanguka chali juu ya lile blanketi, likamfunguka mgongoni. Watu wote wakacheka. Kabula alicheka mpaka akakaa chini.

Wewe ni Mfipa, sihitaji kukueleza kwamba mtani hakasirikiwi. Baba alitabasamu. Alitabasamu kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, akamshukuru, akaniagiza nimtolee pombe. Kisha akainama taratibu, na unajua kuinama kulivyo kazi kwake, akaliokota blanketi. Akalipangusa vumbi. Halafu akalifungua, tabaka kwa tabaka, akatazama ndani.

Kicheko kilikatika chenyewe. Baba akaingia nalo chumbani, na chakula cha siku hiyo na cha siku iliyofuata nilikitoa kama nilivyokiingiza. Shigela alinifuata jikoni akaniuliza amekosa wapi. Nikamwambia hujakosa, na kwa utani kweli hakukosa.

Nilikwenda kwa Shedrack asubuhi nikaichomoa kanda kwenye mashine mwenyewe. Hii hapa, inakuja na barua hii. Nakusihi zilizobaki zifungie.

Adela


Ilala
30 Agosti 1992

Dada,

Shikamoo. Kanda nimeipata. Abel hajambo.

Nimesikitika kwa yaliyompata baba, lakini usiniletee mimi kesi ya Shigela. Utani ni wenu huko, mmekuwa mkiangushana misibani na harusini tangu kabla video haijazaliwa. Mimi nimetengeneza kitu kinachowafurahisha watu, na aliyemo ndani yake ni baba yangu mzazi, si mtu wa mtaani.

Kuna nini kwenye lile blanketi? Barua ya kwanza umenificha, ya pili umenionyesha mlango umefungwa. Nina watu wanaonisubiri kila Jumamosi, na wenye vibanda wa Buguruni na Temeke wameniomba nakala nikawapa. Siwezi kuwaambia nimesimamisha kwa sababu dada yangu ananuna. Niambie, nami nitaamua. Usiponiambia, Jumamosi nitaendelea kama kawaida.

Kalisti


Malangali
4 Oktoba 1992

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Upepo umechachamaa, vumbi limejaa kwenye sufuria. Nilimwambia baba kwamba nataka kukuandikia yote. Alinyamaza, nami nimeamua kwamba kunyamaza kwake ni ruhusa.

Uliwahi kusikia kwamba mama alizaa mtoto kabla yangu, akafa kwa homa. Aliitwa Josefina. Ndiye yule anayemvuta baba sikio. Hawakumwazima kwa mtu, na hakufa kwa homa.

Mama alinieleza hivi. Siku ile walipanga baba apande kidogo na mtoto mgongoni, kisha kamera isimame, mtoto ashushwe, lifungwe furushi, ndipo aanguke. Ngazi aliitengeneza baba mwenyewe. Kwa ujanja wa useremala alikuwa amekikata kwa msumeno kipago kimoja cha juu, kile kijiti cha kukanyagia, kibaki kimeshikilia kidogo tu, ili kivunjike mahali anapotaka. Mawingu yakaanza kushuka kutoka milima ya Mbizi, na padre akaogopa jua litamkimbia. Akawa anasema pandeni, pandeni, twendeni. Baba akapanda kwa haraka akipita pale alipotakiwa kusimama, akakikanyaga kipago alichokikata kwa mikono yake.

Mama alikuwa ameingia ndani kufunga lile furushi. Alipotoka alimkuta mumewe yuko juu anayumba, akadhani basi, mtoto ameshashushwa, amepewa mwanamke mwingine, furushi jingine limepatikana. Baba akaanguka. Mama akacheka. Alikuwa wa kwanza kucheka kabla ya watu wote, na wengine walicheka kwa kumsikia yeye. Padre naye aliona wameanguka vizuri, akaendelea kuzungusha kamera yake. Hicho ndicho kicheko ulichokuwa unakirudisha.

Mguu wa baba haukuvunjwa na mkokoteni wa misheni kama tulivyoambiwa. Ulivunjika hapo, alipojaribu kujigeuza akiwa hewani asimwangukie. Hakufanikiwa. Josefina aliishi siku chache. Padre alilia nao, akamzika kwa mikono yake, kisha akarudi kwao, na watu wazima wakakubaliana kusema homa, kwa sababu waliona baba na mama hawataweza kuishi katika mji unaojua. Mama alichoshindwa kujisamehe ni kile kicheko. Ndiyo sababu hakutaka ujue. Wewe ndiye uliyekuwa ukimchekesha utotoni, alisema asikuharibie.

Sinema ile haina sauti. Ingekuwa nayo ungemsikia mtoto akilia, na mama akinyamaza ghafla, usingehitaji kuandikiwa na mimi. Sauti iliyopo sasa ni yako. Unamwambia baba amshike mwanawe asimtangulie.

Nina hasira na wewe, Kalisti, na nina hasira na nafsi yangu kwamba sikukuambia mwezi Mei. Mimi sikuwahi kuingia kwa Shedrack kuitazama, sikuweza.

Adela


Malangali
22 Novemba 1992

Mdogo wangu Kalisti,

Wiki zinapita, hujajibu. Hatujui kama barua ilifika au umekosa la kusema. Mvua zimeanza, Shigela ametulimia shamba la chini bila utani wowote, amefanya kazi kimya kama mgeni. Baba amedhoofika. Daktari amemwangalia, ameshauri asikae na baridi, lakini baridi ya hapa utaikimbilia wapi?

Ninaandika kwa sababu ya jambo jipya. Juzi baba aliniita nikakae naye. Alikuwa na lile blanketi miguuni, hataki lirudishwe kwa Kabula. Akaniuliza ile barua yako ya kwanza ilisemaje kuhusu mwanzo wa picha. Nikamsomea: ni mtoto kweli, anamvuta baba sikio. Akaomba nirudie. Kisha akasema, "Uso unaonekana?"

Kalisti, hajawahi kuiona. Siku padre alipoijaribisha shukani kabla ya kurudi kwao, yeye alikuwa kitandani na mguu wake, na baada ya hapo hakukanyaga tena penye shuka na taa. Hatukuwa na picha ya Josefina, nani wakati ule alikuwa na picha? Mama naye amekwisha ondoka. Akaniambia, "Nimesahau alikuwa anafananaje. Kila nikimtafuta nakuona wewe." Alikuwa anaona haya kunitazama alipokuwa akisema hivyo.

Kwa hiyo sasa amebadili neno lake. Anaitaka ile ya ngazi, ule mwanzo tu, baba anapoachiwa mtoto, mpaka kabla hajaigusa ngazi. Ikifika ngazi tutazima. Na isiwe na maneno yako. Shedrack amekubali kutuletea televisheni na deki yake hapa nyumbani bila sharti, ameniambia hata jenereta ataibeba mwenyewe. Tuma kwa basi la kwanza, au bora ulete. Kila basi linapoingia baba anamtuma Isdori stendi kuuliza.

Fanya upesi, mdogo wangu. Marahaba yako niliyoiweka kando nakurudishia.

Dada yako,
Adela


Ilala
25 Novemba 1992

Dada Adela,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ya Oktoba ilifika, nikaisoma nimesimama mlangoni mwa kibanda, watu wakiwa ndani wanasubiri niwawashie. Niliwarudishia viingilio vyao nikafunga. Tangu siku hiyo nilikuwa nikishika kalamu naiweka.

Nimefanya alichotaka baba. Kwanza niliufuata mkanda wenyewe kwa yule fundi, ule wa ngazi, nikautoa kwenye kopo nikauchoma nyuma ya nyumba. Haukuwaka kama nilivyodhani, ulijikunja ukayeyuka, Faith akatoka na Abel mgongoni kuuliza ni nini kinanuka. Halafu nikazunguka Buguruni na Temeke, nikawanyang'anya wenzangu nakala zao, mmoja tukakaribia kupigana. Zote nimezifuta kwa kurekodi mpira wa redio juu yake, pamoja na ile uliyonirudishia wewe. Sikuitazama tena, hata mwanzo wake. Nimehakikisha, dada. Hakuna mahali popote duniani ambapo mtu anaweza kuiona tena.

Mwambie baba alale. Sina la kuongeza, na ninakuomba usinitake niongeze. Pasaka nitajitahidi kuja.

Kalisti


Malangali
10 Januari 1993

Kalisti,

Barua zetu zilipishana njiani, labda hapo hapo Laela. Yako niliisomea jikoni peke yangu, nikaikunja, nikaendelea kupepeta mahindi kwa sababu sikujua mikono niifanyie nini.

Baba sijamwambia. Shedrack aliileta televisheni kabla ya Noeli, iko juu ya meza chumbani kwa baba, imefunikwa kitambaa. Asubuhi anaomba kitambaa kitolewe vumbi. Anamwuliza Isdori kama basi limefika, Isdori anasema limefika lakini hamna kitu, anajibu labda lijalo. Ameninyima nafasi ya kusema uongo kwa sababu haniulizi mimi.

Nilijaribu njia nyingine. Nikafikiri, watu wameiona picha hiyo mji mzima, si lazima iwe kwenye kanda. Nikamwita Shigela, nikamwomba amwelezee baba yule mtoto alivyokuwa. Msukuma wa watu alikaa akikuna kichwa, mwisho akasema, "Mzee, mimi nilikuwa natazama ngazi." Nikawauliza vijana wa Majengo, wale walioiona mpaka wakaijua kwa moyo. Wananiigizia kuyumba, wananiigizia suruali, wananitajia maneno yako bila kukosea. Mtoto? Wanasema alikuwa mtoto tu, mdogo. Nikamwuliza Shedrack aliyekuwa akiionyesha kila jioni. Akaniambia mwanzo ule alikuwa anautumia kukusanya viingilio mlangoni. Na mimi nilijivunia kwamba sikuingia.

Sikulaumu kwa kuchoma. Tulikuambia usimwonyeshe mtu, na ukatii, ingawa ulitii baada ya kuchelewa. Lakini uliandika kwamba sehemu ile uliirudisha mara nyingi mno. Amebaki mtu mmoja tu aliyemtazama dada yetu baada ya kufa kwake, na mtu huyo ni wewe. Usingoje Pasaka, baba hataifikia.

Njoo ukae mbele yake umwambie alikuwa anafananaje. Macho ya nani, paji la uso la nani, alikuwa na nywele au hana, alimtazamaje baba alipokuwa akimvuta sikio. Usitunge. Baba atajua ukitunga. Na kama wakati wote ule ulikuwa unamtazama mama akicheka, basi njoo umwambie hivyo kwa mdomo wako, maana mimi sitamwambia.

Adela